Kokwa Saba za Tende

Pamba iliyolowa maji ina harufu yake, na mimi nikiinusa hata leo, iwe hospitali au saluni, hurudi papo hapo kwenye dirisha la rawdha yetu ya Wadi Kabir. Rawdha ndivyo tulivyoiita chekechea. Dirishani palipangwa vikombe ishirini na vinne vya mtindi, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto, na ndani yake maharage matatu yamelazwa juu ya pamba. Harufu hiyo ilichanganyika na ya oili ya magari, kwa sababu rawdha ilikuwa nyumba ya kupanga tu kama nyumba nyingine, ukuta wake wa nyuma umepakana na magereji, na sisi tukiimba nyimbo zetu za Kiarabu huku, mafundi wakigonga mabodi ya magari kule. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Nilikuwa na miaka mitano na nusu, na hiyo nusu sikukubali mtu aisahau. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kisudani, mrefu, mpole wa sauti, tukimwita Abla Huda, kwani abla ndilo jina la heshima la kila mwalimu wa kike. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kuna majira yanayoitwa rabii, yaani machipuo. Kwetu nyumbani neno hilo halikuwa na kazi. Bibi yangu alisema tu kwamba baridi imeondoka na joto halijafika, tukae barazani tukiwa bado tunaweza.

Abla Huda alitengeneza ubao wa rabii, akautundika mlangoni ili wazazi wauone wanapotuleta. Ulikuwa na picha za mambo yote yatakayokuja. Kulikuwa na picha ya mche wa haragwe, na picha ya tikiti maji, maana tungepelekwa kwa basi hadi soko kubwa la mboga na matunda la Mawaleh kujifunza rangi na majina. Mwisho kabisa, chini upande wa kushoto, palikuwa na ua jekundu la karatasi, kubwa kuliko picha zote. Hilo lilikuwa sherehe ya akina mama, tarehe ishirini na moja mwezi wa tatu, siku ambayo nchi za Kiarabu huwasherehekea mama zao. Karibu na ua lile Abla alibandika safu ya majua madogo ya karatasi ya manjano, na kila asubuhi aliyewahi kufika alipewa heshima ya kubandua moja, na ya Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, akiyabandua Abla mwenyewe. Majua yakiisha, siku imefika. Kila mtoto angesimama mbele na mama yake, amkabidhi kikombe chenye mche wake, aseme maneno mawili matatu tuliyofundishwa, kisha mama na mtoto wapigwe picha. Abla alituambia kwamba ambaye mama yake hatoweza kuja atasimama na yeye, wala si aibu. Kwa namna alivyosema wala si aibu, watoto wote tulijua kwamba ni aibu.

Mama yangu asingeweza kuja. Baba alikuwa amekufa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, hatua chache kutoka nyumbani, na asubuhi moja alianguka katikati ya maboksi yake akiwa anamhudumia mteja, wakamkimbiza hospitali, moyo ukawa umeshasimama. Mimi niliambiwa amekwenda kwa Mwenyezi Mungu. Niliuliza kama amekwenda na gari lake, kwa kuwa gari nililiona liko nje, na wanawake waliokuwa pale wakaanza kulia upya, nikadhani nimewakosea. Tangu siku hiyo mama aliingia edani. Kwa asiyejua, eda ni ile miezi minne na siku kumi ambazo mjane hukaa ndani kwa ajili ya mumewe. Hatoki, hajipambi, hapaki wanja, hajifukizi udi, havai nguo ya kung'ara. Mama alikuwa na miaka ishirini na saba. Kila nikirudi rawdha nilimkuta juu ya mkeka uleule, katika chumba kilekile cha ndani, amevaa nguo nyeupe zilizopauka, msahafu mapajani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba harufu yake ilikuwa imepotea. Mama yangu alikuwa akinukia udi na asmini hata akiwa jikoni anakaanga samaki, na sasa ananukia sabuni ya kufulia. Nikimlalia kifuani usingizi haukuja.

Aliyekuwa akizihesabu siku za eda alikuwa bibi, mama mzazi wa baba. Jina langu ni lake, sote wawili ni Zuwena, na kwa hiyo hakuniita mjukuu wala mwanangu, aliniita somo, nami nikajiona tuko sawa naye kwa cheo. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati na wanawe wawili katika miaka ya sabini, na mpaka anakufa Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni. Kusoma hakujua. Lakini desturi ya nyumba yao ilikuwa kwamba siku za mjane huhesabiwa na mkubwa wa upande wa mume, na huhesabiwa kwa mkono, si kwa kusoma. Basi kila alfajiri baada ya kusali alikula tende moja, akaiosha ile kokwa kwa maji ya moto mpaka ikawa haina hata uzi wa nyama, akaianika dirishani, na jioni ikishakauka akaitia katika kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda chake. Kokwa moja, siku moja. Zikifika mia na thelathini, mama atoke. Ijumaa baada ya adhuhuri alilimwaga kopo mbele ya mama, akazihesabu kumi kumi haraka haraka, akatangaza zimebaki ngapi. Ami yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa akifanya kazi Salalah, alimletea kalenda ya ukutani ili kumrahisishia. Bibi aliitazama ile picha ya tairi iliyokuwa juu yake, akasema, "Kalenda ya wauza matairi haikumzaa mwanangu. Mie ndiye n'liyemzaa, siku zake nitazihesabu mie." Ami akaitundika jikoni, ikafutiwa mikono.

Ijumaa moja nilikuwepo bibi anahesabu. Alimaliza, akazirudisha kokwa koponi, akamwambia mama, "Bado ishirini na mbili, mwanangu. Jikaze." Kesho yake Jumamosi nilikuwa wa kwanza kufika rawdha. Kabla ya kubandua jua langu niliyahesabu yote. Yalikuwa kumi na sita. Abla Huda alikuwa ametufundisha hesabu kwa maharage, ukiyapanga safu mbili unaiona ile iliyozidi, basi nilichukua maharage kwenye bakuli nikapanga safu ya ishirini na mbili na safu ya kumi na sita. Yalizidi sita. Naikumbuka hesabu hiyo kuliko zote nilizofanya baadaye, na nimesoma uhasibu. Mama angetoka siku sita baada ya sherehe kwisha, na mimi ningesimama na Abla. Nikayatenga yale maharage sita. Kisha nikaongeza la saba, la akiba, maana nilijua mwanamke hatoki edani akaenda sherehe siku hiyohiyo, lazima apate usiku mmoja wa kutia hina.

Wala sikuona kwamba ninafanya ubaya. Mwizi huchukua, na mimi nilikuwa ninaongeza. Nyumba yetu siku zile haikukosa wageni wa kutoa pole, na mbele ya kila mgeni palikuwa na sahani ya tende na buli la kahawa, kwa hiyo kokwa zilikuwa tele. Nilichukua moja kila siku, nikaifyonza mpaka nikaamini imekuwa safi, nikaificha mfukoni mwa sare, na bibi aliposimama kusali adhuhuri nikaingia uvunguni mwa kitanda na kuitia koponi polepole ili isilie. Siku saba, kokwa saba. Ijumaa iliyofuata bibi alihesabu, akahesabu tena, akasema, "Alhamdulillahi, siku zinakwenda." Hakuwa na sababu ya kulishuku kopo lake, na namba za Ijumaa hakuzishika kichwani, alizoea kuliachia kopo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake nikichezea ncha ya kanga yake kwa furaha.

Jioni ya kuamkia sherehe kokwa ya mia na thelathini iliingia koponi. Bibi alizihesabu zote mbele ya mama, akamshika kichwa, akamwombea dua ndefu. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani ni wiki ijayo, mama." Bibi akamjibu, "Siku zimo humu ndani, mwanangu, nimezitia moja moja. Inuka ukaoge." Mama alilia sana. Halafu akaoga, na bibi mwenyewe akamchemshia maji, akamfukiza nywele kwa udi, akamtia hina mikononi huku akimlilia mwanawe kimya kimya, machozi yakimdondokea hata kwenye bakuli. Nililala kati yao wawili usiku ule. Harufu ya mama ilikuwa imerudi, nami nikalala fofofo.

Asubuhi yake mama alinishika mkono tukaenda rawdha kwa miguu, tukipita mbele ya magereji. Mafundi waliomjua baba walisimamisha nyundo zao mpaka tukapita. Ndani alivua buibui lake na chini yake alikuwa amevaa gauni la kijani, si la fahari, lakini kwangu lilikuwa kama bustani. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kidevuni. Zamu yangu ilipofika nilimkabidhi kikombe changu. Maharage mawili yalikuwa yameoza na moja limeota, mche mwembamba umeinama upande mmoja, na nilipofungua kinywa maneno yote ya Kiarabu yalinitoka kichwani. Nikasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Mama, hili moja limeota." Mama akacheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ule mkono wenye hina, mabega yakimtikisika, akashindwa kujizuia, na akina mama wengine wakacheka pamoja naye bila hata kujua nimesema nini. Picha ilipigwa katika kicheko hicho. Ninayo mpaka leo, na nikisema kwamba najutia nilichokifanya, nasema kweli, lakini picha ile sijaweza kuijutia.

Furaha yetu haikufika usiku. Magharibi simu ililia, na mama, ambaye kwa miezi minne hakuwa akipokea simu ya mwanamume yeyote, akaipokea mwenyewe akiwa bado na uchangamfu wa mchana. Alikuwa ami kutoka Salalah, anataka kutuarifu kwamba wiki ijayo atakuja na mbuzi kwa ajili ya dua ya kumtoa shemeji yake edani. Mama akamwambia, "Mbona nimeshatoka jana, shemeji." Nilimwona uso wake ukibadilika akisikiliza. Akaenda jikoni, akaiangalia ile kalenda iliyokuwa imejaa alama za mafuta, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akaingia chumbani, akavua gauni la kijani, akavaa zile nguo nyeupe, akakaa juu ya mkeka. Alikaa humo siku saba nyingine kamili, na hina ikiwa mkononi, na kila mwanamke aliyekuja kumwona aliiona ile hina.

Alhamisi ami alifika. Alikuwa mtu wa heshima na mama yake, hakumkaripia, ila alitaka kuelewa kosa limetoka wapi. Akaomba kopo, akalimwaga sebuleni juu ya mkeka, akazihesabu mwenyewe. Mia na thelathini barabara. "Basi mama, kuna siku utakuwa umetia mara mbili," akasema taratibu. Bibi alisogea karibu, akaanza kuzipitisha kokwa vidoleni moja moja, kwa macho yake yale yenye ukungu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nikauona mkono wake umesimama. Alishika kokwa moja, akaigeuza, akaileta karibu na jicho, akaiweka pembeni. Baadaye kidogo akasimama tena kwenye nyingine. Niliona hayo yote na sikuelewa ninachokiona. Kisha akazikusanya zote kwa viganja, akazirudisha, akasema, "Nimekosa mie, mwanangu. Uzee huu. Nilitia mara mbili." Nilishukuru Mungu. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikwenda kucheza.

Mama alimwambia bibi neno moja tu, na alilisema siku ya saba alipotoka, mbele yangu. "Mwanao alikuwa na haki yake kwangu, nami nilitaka kumtimizia. Umeniharibia." Bibi akainamisha kichwa. Kuanzia hapo mama hakumpunguzia haki yoyote mkwe wake. Alimpikia, alimfulia, alimpeleka kliniki, alimpa salamu asubuhi na jioni. Lakini hawakucheka pamoja tena, wawili wale waliokuwa wakitoleana siri jikoni mpaka baba akiwatania kwamba yeye ndiye mkwe. Na mtaani maneno yalizagaa, maana sisi watu wa Unguja tulioko Maskati tunajuana, na jambo la msibani halikai ndani. Nilimsikia jirani mmoja akisema jikoni kwetu, "Maskini, hata siku za mwanawe zimemshinda." Bibi alikuwa chumba cha pili na mlango uko wazi.

Ikawa kila kitu chake kinatiliwa shaka. Ufunguo wa stoo alinyang'anywa kwa upole, eti asihangaike. Jiko la gesi akaambiwa asiliguse. Dawa zake za presha mama akawa anampimia yeye, na ile kazi ya kunipeleka rawdha na kunirudisha, ambayo tangu baba afariki ilikuwa yake, akapewa msichana wa kazi, kwa kuwa bibi anaweza kusahau njia. Lililonichoma zaidi nilipewa mimi mwenyewe. Mama aliniambia, "Kaa karibu na bibi yako anaposali, umuangalie rakaa asije akapunguza." Nilikuwa nimejua kuhesabu vizuri, si unajua. Nikawa nakaa kwenye ncha ya msala wake adhuhuri na alasiri, nikikunja vidole. Bibi akitoa salamu hugeuka kwangu na kuniuliza, "Ngapi, somo?" Nami namjibu, "Nne, bibi." Naye husema, "Alhamdulillahi." Miaka ikapita hivyo. Hata siku moja hakukosea, na hata siku moja sikumwambia mama kwamba hakosei.

Nilipofika miaka tisa nilijaribu kusema. Tulikuwa barazani, machipuo tena, ananisuka nywele, kichwa changu kati ya magoti yake. Nikasema, "Bibi, zile kokwa za eda ya mama..." Akanivuta nywele kidogo na kuniambia, "Tulia nikusuke, usinipotezee mistari." Nilijiambia kwamba hakunisikia, na nikafurahi kwamba hakunisikia, kwa sababu nilikuwa nimetimiza wajibu wangu bila kupata adhabu. Huo ndio ukweli wa moyo wangu wa siku ile, na siupambi.

Bibi alikufa nilipokuwa na miaka kumi na minne, katika miaka ya elfu mbili, baada ya homa ya siku nne. Akili yake ilikuwa timamu mpaka pumzi ya mwisho. Alituagiza nani apewe kanga ipi, na doti zilikuwa zaidi ya thelathini, hakukosea hata moja. Katika sanduku lake, chini kabisa, mimi ndiye niliyelikuta lile kopo la maziwa. Nililifungua peke yangu chumbani. Kokwa zake zilikuwa mle, zimepauka, nyepesi, safi kama alivyoziosha. Na juu yake palikuwa na kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa fundo. Nikalifungua. Kulikuwa na kokwa saba, nyeusi nyeusi, na ngozi ya tende imezigandia, zile ambazo mtoto alizifyonza akadhani amezisafisha. Alizitenga zote saba. Hakuna aliyeingia uvunguni mwa kitanda chake isipokuwa mimi, na yeye alilijua hilo siku ileile mkono wake uliposimama. Mbele ya ami, mbele ya mama, alikuwa na uwezo wa kuniita jina na kuninyooshea kidole. Alichagua kusema ni uzee. Aliachia ufunguo wake, jiko lake, njia yake ya asubuhi, na kicheko cha mkwe wake, akaniuliza ngapi, somo, mara mbili kwa siku, kwa miaka minane, na mimi nikimjibu kama mkaguzi.

Hata hapo sikusema. Nilifunga lile fundo, nikalificha katika vitu vyangu, nikaolewa nalo, nikahama nalo. Sasa tunakaa Mawaleh. Soko tulilopelekwa na Abla Huda limehamishwa, na pale Wadi Kabir nyumba ya rawdha imekuwa stoo ya mabomba. Binti yangu ana miaka mitano, na ratiba yake ya machipuo haitundikwi mlangoni, huja kwenye simu yangu, imepambwa rangi, na kupanda mbegu, na ziara, na sherehe ya akina mama. Simu yenyewe hunikumbusha siku zikibaki saba, zikibaki tatu. Rafiki yangu mmoja alipofiwa na mumewe mwaka juzi, eda yake ilihesabiwa hivyohivyo, na simu, kwa mwaka wa Kiislamu, na siku ya mwisho ikalia. Nilikaa naye nikawaza kwamba huku hakuna mtoto atakayetia mkono wake. Halafu nikawaza kwamba hakuna pia mzee atakayetia wake, akaosha kokwa alfajiri kwa ajili ya mtu aliyemzaa, na wivu ukanishika, wivu wa kitu nilichokiharibu mwenyewe.

Mwaka huu mwaliko wa rawdha ulipokuja, binti yangu aliniuliza kama bibi yake naye anaweza kuja. Mama yangu sasa amepita miaka hamsini, na bado ananukia udi. Nilimfuata kwake siku ileile asubuhi, nikaweka lile fundo mezani, nikamweleza yote kuanzia maharage mpaka kopo. Sikuacha kitu. Nilipomaliza alizifungua zile kokwa, akazigusa moja moja, na nikamwona akifanya kile alichokifanya bibi, kuileta karibu na jicho na kuigeuza. Nilingoja anikasirikie. Nilikuwa na haja ya yeye kunikasirikia.

Alisema, "Kuna siku bibi yako alinambia, somo yangu ana akili ya hesabu, umsomeshe. Nilimwitikia tu, sikumgeukia." Akafunga fundo. Akalifungua tena, kana kwamba halijakaa sawa. "Zile siku saba za baba yako nilizirudia," akasema. "Miaka minane ya yule mzee nairudisha vipi?"

Tulikaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mama akatandika msala, akasimama, na mimi bila kufikiri nikajikuta nimekaa kwenye ncha yake, vidole vimekunjwa, nahesabu.